Tofali Mbele ya Sinki

Twiga anatembea kinyumenyume. Mkononi ameshika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitako, na kila akilitikisa, majivu yanadondoka chini kufuata kamba aliyoivuta kutoka kona ya nyumba hadi kwenye kigingi. Umande haujakauka. Akifika kwenye kigingi anasimama, anashika kiuno kwa mikono yote miwili na kufumba macho, na kwa muda inaonekana kama amelala wima.

"Hapo pamekuwa nini?" anauliza mkewe, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye mlango wa nyuma.

"Ukuta."

"Basi asubuhi umenipitisha ukutani ukinipeleka chooni. Kumbe bado nina nguvu."

Twiga hacheki. Anatikisa kopo, anaona limeisha, anakwenda jikoni kuchota majivu mengine. Jiko lenyewe ni kibanda cha bati kilichojitenga na nyumba, ndani yake mafiga na kigoda. Jana alishinda juu ya paa la mtu mwingine, na leo anabeba kopo la majivu kama anabeba mfuko wa saruji.

Jina lake lipo kwenye kitambulisho na hakuna anayelitumia. Ni Twiga kwa majirani, Twiga kwa wateja, na hata kwenye simu ya mkewe ameandikwa Twiga, kwa sababu ana urefu wa karibu mita mbili na shingo ya kutosha. Ana miaka hamsini na tisa. Mtu mrefu akichoka huchoka pote, na yeye amechoka kuanzia kisigino.

Kazi yake ni kuchora na kujenga nyongeza za nyumba. Nyumba mpya hajengi. Watu wa kijiji hiki hawapendi kubomoa nyumba walimolelea watoto wao. Wanaongeza chumba, wanaongeza jiko, wanaingiza choo ndani, na siku hizi wanataka vyote viwe vya kisasa. Watoto walioko mbali wanatuma picha kwenye simu. Twiga anaangalia picha, anaangalia nyumba, anakuna kichwa.

"Kuna vijana walinitumia picha ya nyumba yenye ukuta mzima wa kioo, na mbele yake bahari," anasema. "Nikawaambia, jamani, mbele ya mama yenu kuna mahindi. Wakasema sawa, basi aangalie mahindi."

Dirisha likawekwa, karibu ukuta mzima. "Na ukipita pale sasa hivi utamkuta amekaa anayaangalia. Ananiambia hakujua kama mahindi yana mambo mengi hivyo."

Namna yake ya kufanya kazi inajulikana hadi vijiji vya jirani. Kabla hajagusa karatasi anachora nyongeza nzima chini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi, kisha anamwita mwenye nyumba aingie. Aingie kwa mlango, asiruke ukuta. Aweke kiti mahali pa kiti na alale kwenye mkeka mahali pa kitanda. Majirani wanachungulia na kuangua vicheko, lakini ni humo ndani ya majivu ambamo mtu anagundua kuwa kitanda kinaziba kabati, au kwamba mgeni akifungua mlango ataona moja kwa moja hadi bafuni. Ukuta wa majivu unafutwa kwa ufagio.

Fani hiyo alianzishwa na mjomba wake, mwashi wa zamani, ambaye hakuwa na kipimo zaidi ya mwili wake: hatua, shubiri, mkono. Baadaye Twiga alikwenda mjini kujifunza kuchora ramani, akarudi na rula na futi ya chuma. Kuta anazipima kwa futi. Mambo madogo madogo bado anayapima kwa mwili, kama mjomba, bila hata kufikiri.

Jambo asilolifanyia mzaha ni pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani.

"Nyumba ya zamani imeshakaa," anaeleza, akipitisha kidole kwenye kona. "Mpya bado inatafuta pa kukaa. Ukizifunga pamoja kwa nguvu, ile mpya ikishuka kidogo tu inaipasua mwenzake. Ziachie nafasi ya vidole viwili, uifunike kwa kipande cha bati. Hapo zitaishi bila kugombana."

"Sisi tulisahau kuiacha hiyo nafasi," anadakia mkewe kutoka kwenye kiti chake.

Nyongeza anayoichora safari hii ni ya nyumbani kwake. Baada ya kuongeza vyumba vya nusu ya kijiji, yeye na mkewe bado wanaishi kwenye nyumba ileile ya tofali za kuchoma waliyoanzia maisha, vyumba viwili na sebule, jiko nje, choo nje. Hakuwahi kupata nafasi. Mwaka mzuri humletea kazi nne, tano zikizidi sana, na kila alipoweka akiba kidogo kuna mtoto aliyehitaji ada.

Kisha mkewe akaanguka.

Ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Njia ya kwenda chooni inashuka mteremko, na udongo wa hapa ukilowa huwa sabuni. Twiga alikuwa kwa mteja, anapachika dirisha. Mkewe aliteleza, akavunjika nyonga, akabaki pale kwenye matope mpaka mume alipofika jioni.

"Nilikuwa nimeshachoka kuita," anasema mama huyo. "Nikawa nahesabu kuku wanaopita. Nilijua tu atakuja, huyu mtu hajui kulala nje."

Twiga mwenyewe hasimulii habari hiyo. Ukimuuliza anainuka kwenda kutazama kamba kama imelegea.

Baada ya upasuaji mkewe alikaa miezi kadhaa mjini kwa binti yao wa kwanza, anayefanya kazi kwenye duka la dawa. Alirudi na chuma cha kutembelea cha miguu minne, ambacho yeye anakiita gari lake, na alirudi na sharti la binti: mvua zinazofuata zikikuta choo bado kiko nje, mama anahamia mjini, na safari hiyo si ya kurudi.

"Sikutaka kumtisha baba," anasema binti huyo kwa simu. "Nilimwambia ukweli. Siwezi kusubiri kupigiwa simu ya pili kama ile. Lakini kwangu ni chumba na sebule. Mama namwekea kitanda. Baba nitamweka wapi? Tena hata akija, mjini atamwongezea nani chumba?"

Maana yake ni kwamba watu wawili waliooana kwa miaka thelathini na minne wataishi mmoja huku na mwingine kule. Hilo mkewe analijua ladha yake tayari.

"Kule nilikuwa namsikia jirani wa juu akiburuta viti," anasema. "Jioni napiga simu, namuuliza Mzee, umekula? Anasema nimekula. Na mimi najua sauti yake ya uongo. Ni ya chini kidogo."

Kwa hiyo Twiga amejifunga kibwebwe. Asubuhi anafanya kazi za watu, mchana ukishageuka anafanya ya kwake. Vifaa vingi ni vya kuokoteza: dirisha kubwa alilopewa na mteja aliyebadilisha mawazo, bati zilizobaki huku na kule, vigae vya rangi tatu ambavyo mkewe ameviita suti ya mlevi. Lakini mchoro ni wa kisasa kweli, na anaueleza kwa fahari ambayo uchovu haujaifikia. Jiko na choo viko chini ya paa moja, vimeungana na chumba cha kulala. Mlango ni mpana ili gari lipite. Hakuna kizingiti popote. Paa linainamia upande mmoja, maji ya mvua yaende kwenye tangi badala ya kwenda kutengeneza sabuni kwenye njia.

Ndani ya majivu, mkewe alipita kila mahali. Kutoka kitandani hadi chooni, kutoka chooni hadi kwenye sinki, chuma chake kikiacha alama ndogo nne nne chini. Hakugonga ukuta hata mmoja.

"Nimependa," alisema.

Mwandishi wa makala haya anaporudi baada ya wiki chache, kuta zimesimama na kenchi za paa zimepandishwa. Twiga amepungua, shati linamning'inia. Upande wa jiko ameshamwaga meza ndefu ya zege chini ya dirisha, sinki likiwa katikati, na ameilainisha kwa mwiko mpaka inang'aa. Anaiegemea kwa viwiko viwili, ametulia kama mwenye duka kwenye kaunta yake, na kwa mara ya kwanza uso wake una nafuu.

"Njoo," anamwita mkewe. "Njoo uone jiko lako."

Mkewe anakuja, chuma kikigonga sakafu. Kwenye mlango anasita kwa mazoea, anatafuta kizingiti cha kuvuka, hakipo. "Hata mguu sijainua!" anasema, na furaha inamfanya aende haraka kuliko inavyotakiwa. Nyuma yake anafuata mdogo wake Twiga, mama anayeishi ng'ambo ya njia, aliyekuja kusaidia kufagia.

Mama wa nyumba anafika kwenye meza. Anakiacha chuma, anaushika ukingo wa zege. Mikono yake imepanda hadi usawa wa mabega. Anajaribu kuchungulia ndani ya sinki na kuona bomba tu.

"Mzee," anasema taratibu. "Hii ni meza au ni dari?"

Wifi yake anaangua kicheko hadi anakaa chini na ufagio wake. "Utazoea, wifi," anasema akijifuta machozi. "Tafuta tofali."

"Tofali la nini?" anauliza Twiga.

Kicheko kinakatika. Wanawake wawili wanatazamana.

"La kusimamia, kaka. Kwani unadhani sisi tunafikaje?"

"Nyinyi kina nani?"

"Mimi. Mwalimu mstaafu. Yule mama wa mahindi. Wote uliotujengea." Anaona uso wa kaka yake na kuongeza haraka, "Mwalimu si tofali, yeye ana kreti ya soda."

Twiga anabaki ameegemea meza ambayo kwake inafika pazuri kabisa. Anafikiri, na unaweza kuona anayapitia majiko moja moja.

"Yale matofali," anasema. "Kila nikienda kwa mtu nakuta tofali mbele ya sinki. Nilidhani ni yaliyobaki kwenye ujenzi."

"La kwangu ulilibeba siku moja ukalitupa nje, ukanigombeza kwamba sijui kutunza nyumba. Ulipoondoka nikalirudisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuwa wewe ungesema?" Sasa hacheki. "Ulikuwa umechoka, kaka. Ulinifanyia kazi usiku na mchana, hela yenyewe nimekulipa kwa kudonoadonoa. Ukasimama pale mlangoni, macho mekundu, ukaniuliza, umependa? Nikasema nimependa. Na kweli nilipenda. Ila sikufika."

Hapo ndipo ilipo kasoro ya majivu, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Majivu yanaonyesha marefu na mapana. Hayasimami. Mteja anatembea, analala, anafungua milango isiyokuwepo, lakini hakuna mahali anapoweza kuweka mkono na kusema hapa ni juu mno. Urefu wa meza, wa sinki, wa rafu, wa swichi, yote hayo Twiga aliyapata kwa njia ya mjomba: alisimama, akakunja kiwiko, akaweka alama. Kazi ikiisha aliegemea, akaona pako sawa.

Nyumbani kwake hapakuwa na kitu cha kumshtua. Mkewe alipika kwenye mafiga, amekaa kwenye kigoda, maisha yao yote.

"Tofali si kitu," anasema mkewe, na sauti yake haina utani tena. "Lakini mimi siwezi kupanda juu ya tofali."

Twiga anachukua futi yake na kwenda bafuni bila kuitwa.

Ukutani kando ya choo amefunga bomba la chuma la kushikia, imara, kwa skrubu ndefu. Ndilo alilojivunia kuliko vyote, kwa sababu ndilo la kumzuia mkewe asianguke tena. Anamwomba akae na kulishika. Mkewe anakaa, ananyoosha mkono. Analifikia, lakini mkono uko juu ya kichwa chake kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Mkono wa namna hiyo hauwezi kumnyanyua mtu. Mtu akiteleza, hauzuii chochote.

Twiga anaangalia ule mkono. Halafu anachuchumaa pale sakafuni, magoti yakiwa karibu na masikio, akiegemea vigae vya rangi tatu.

"Ningekuangusha mwenyewe," anasema.

"Hujaniangusha."

"Ningekuangusha. Humu ndani. Kwenye vigae."

Mkewe anaushusha mkono na kumwekea kichwani, kwenye mvi. Wifi mtu anaondoka kimya kimya na ufagio wake.

Siku zilizofuata Twiga alizunguka kijijini. Hakwenda kuomba radhi wala kujitetea. Alikwenda kuangalia tu. Alikuta tofali, alikuta kreti, alikuta kwa mama mmoja jiwe bapa ambalo limelika katikati kwa nyayo. Kwa mama wa mahindi alikuta kigoda kizuri cha mbao, kimepakwa rangi ya kufanana na ukuta.

"Kila niliyemuuliza alicheka," anasimulia. "Wanasema Twiga, sisi tumeshazoea. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu azoee nyumba yake mwenyewe kama anavyozoea kiatu kinachobana."

Sasa ana jambo moja la kuamua na halina muda. Mawingu yameanza kujikusanya kila alasiri. Saruji iliyobaki haitoshi kumaliza sakafu ya jiko na kumwaga meza nyingine. Mkewe anataka meza iachwe. Bomba la bafuni lishushwe, paa limaliziwe, binti akija akute choo kiko ndani, yaishe.

"Mboga nitakatia mapajani kama siku zote," anasema. "Meza tutawekea redio."

"Sitaki redio yenye meza ya zege."

"Mvua hiyo inakuja, Mzee."

"Naiona."

"Na mimi sitaki kwenda mjini."

Twiga anakubali shingo upande, na kwa shingo yake hilo linaonekana kutoka mbali. Anafanya bafuni kwanza. Anamkalisha mkewe, anamwambia ashushe mikono kama amechoka, anaweka alama ya mkaa pale kiganja kinapoangukia. Anashusha bomba, anashusha sinki dogo la kunawia, anashusha hata swichi ya taa. Kisha, bila kumwambia mtu, anatoka nje na kurudi na nyundo kubwa.

Mkewe anajua. "Utakufa na hiyo meza," anasema.

Zege lake ni zuri, na hiyo ndiyo shida. Anapiga, linatoa cheche na vumbi, linatoa kipande kama cha sabuni ya kufulia, basi. Anapumzika ameegemea mpini, jasho linatiririka puani. Anapiga tena. Alasiri nzima inakwenda hivyo, na mtu aliyesimama kando anatamani kumpokonya ile nyundo, si kwa sababu anakosea bali kwa sababu inaumiza kumtazama. Wiki tatu za nguvu zake zilizobaki zinatolewa nje kwa toroli.

Vipande vikiisha anamleta mkewe kwenye kiti, mbele ya dirisha tupu.

"Kanda unga."

"Unga uko wapi?"

"Jifanye."

Mama anaanza kukanda hewa. Twiga amepiga magoti ubavuni, kipande cha mkaa mkononi, jicho kwenye kiwiko cha mkewe.

"Hapa?"

"Shusha kidogo. Unga haukandwi kwa vidole, unausukuma kwa uzito. Mwili unatakiwa uwe juu yake."

"Sikulijua hilo."

"Ungelijulia wapi?"

Anashusha alama. Anaipima kwa futi, anaandika namba ukutani, kubwa, kwa mkaa. Halafu anamwomba ajifanye kuosha sufuria, na kukata vitunguu, na kila kazi ina kimo chake kidogo, na mkewe anaziigiza zote kwa makeke mpaka anajisahau na kuimba. Miaka yote hiyo waliishi pamoja. Twiga anakiri kwamba hakuwahi kumtazama akipika, alikuwa anatazama tu kama chakula kimeiva.

Mvua inawahi. Inaanza asubuhi moja bila kupiga honi, bati za upande mmoja wa jiko zikiwa bado hazijapigiliwa, zimelaliwa na mawe. Siku hiyohiyo binti anafika nyumbani kutoka mjini, kalowa, na begi kubwa ambalo halina kitu ndani. Kila mtu anajua begi hilo limekuja kubeba nini.

Anaangalia. Sakafu ya jiko bado ni kifusi kilichoshindiliwa. Mahali pa meza kuna ubao mnene juu ya nguzo mbili za tofali, na sinki limeshikiliwa na mbao. Kona moja inavuja kwenye ndoo.

"Baba," anasema binti kwa upole, "hapajaisha."

"Hapajaisha," anakubali Twiga. Amekaa kwenye kochi la sebuleni, mikono imelala mapajani, viganja juu, kama mtu aliyeshusha mzigo na hajui ameushusha wapi. "Saruji iliisha. Mimi pia niliisha."

Mama mtu anavuta chuma chake, anainuka.

"Ngoja nikusaidie, mama," anasema binti.

"Kunisaidia wapi? Naenda msalani."

Anaingia chumbani. Sebuleni wanasikia chuma kikigonga sakafu, kikipita pale ambapo hakuna kizingiti, kisha mlango unafungwa. Kisha hawasikii kitu isipokuwa mvua juu ya bati. Inachukua muda. Twiga anaanza kuinuka.

"Kaa, baba," anasema binti, na yeye mwenyewe amesimama.

Wanasubiri. Nje, ile njia ya mteremko imeshakuwa mto mdogo mwekundu, unaonekana vizuri kutoka dirishani. Halafu maji yanashuka chooni, bomba linafunguliwa na kufungwa, chuma kinaanza tena kugonga, taratibu, kuja huku. Mama anatokea mlangoni, anajifuta mikono kwenye kanga, mkavu kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mbona mnaniangalia kama nimeshuka kwenye ndege?"

Binti anakwenda mwenyewe bafuni, anakaa, anashika lile bomba, analivuta kwa nguvu zake zote. Anakaa humo kuliko inavyohitajika kupima bomba. Akitoka, macho yake ni mekundu.

"Nitakuja tena mwezi ujao kuangalia," anasema. "Nikikuta hiyo kona bado inavuja, tutazungumza." Analikunja begi mara mbili, analiweka chini ya kochi. Si ruhusa kamili, lakini wazazi wake wanalijua neno hilo la "tutazungumza" na wanajua kwamba kwa leo yameisha.

Mama anakwenda kwenye ubao wake, anakaa, anawasha jiko la gesi na kuchemsha chai bila kuomba kupokezwa kitu. Kila kitu kiko mkononi mwake.

Baada ya chai, Twiga anaulizwa ana mpango gani. Anajibu bila haraka. Kwanza alale. Akiamka apigilie bati, atafute saruji amwage meza. Kisha, kila akipata nafasi kati ya kazi na kazi, atazunguka na nyundo yake na kushusha majiko ya watu, moja baada ya jingine, bila malipo, ataanzia kwa dada yake. Na kuanzia sasa mteja akishatembea ndani ya majivu, atamkalisha na kumsimamisha na kumwambia ajifanye anapika.

"Kama mwili utakubali," anasema. "Sina hakika kama utakubali. Lakini yale matofali nimeshayaona, siwezi tena kujifanya sijayaona."

"Maneno mazuri," anasema mkewe. "Sasa vikombe."

Twiga anakusanya vikombe na kwenda kwenye sinki. Linamfika mapajani. Anatanua miguu, anakunja magoti, anajaribu hivi na hivi, mwishowe anajipinda mgongo mzima, pua karibu na bomba.

"Unauma?" anauliza mkewe.

"Unauma."

"Pole, baba. Mimi nimeinamia mafiga miaka thelathini na minne. Inama na wewe."

Twiga anacheka, kwa mara ya kwanza tangu kazi hii ianze, kicheko cha mtu asiye na pumzi za kutosha, na anachukua kikombe cha pili.